Miwani yenye darubini na bili zake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapo vijana Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Changamwe, wanaoandaa bili za kliniki za Marekani wakiwa nyumbani. Hufanya kazi usiku, maana huko ndio mchana. Bili zinazowatatiza sana ni za vifaa vya uoni hafifu vinavyopachikwa kwenye miwani: lenzi nene ya kusomea, au darubini ndogo iliyotiwa ndani ya fremu. Hivi ni vya mtu ambaye miwani ya kawaida haimtoshi tena. Dhana potofu ni nyingi hapa, na anayeumizwa nazo ni mgonjwa.

Kubwa kuliko zote ni hii: "Msimbo upo, basi bima italipa." La. Msimbo, yaani alama ya herufi na tarakimu inayoandikwa kwenye bili kutambulisha kifaa, huduma au ugonjwa, hutaja kitu tu, hauahidi pesa. Sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, mwaka 1965 iliiacha miwani nje, na kanuni za baadaye zikafafanua kwamba kifaa chochote kinachotumia lenzi kusaidia kuona au kukuza picha kimo katika katazo hilo, kiwe kidogo au kikubwa, cha zamani au cha kisasa. Kwa hiyo hata ukiandika maelezo marefu ya daktari, katazo halisogei. Darubini ya aina hii huweza kupita dola elfu moja. Mzee akiambiwa "usijali, tutaituma kwa bima", kisha bili ikamfikia nyumbani, amedhulumiwa, hata kama kila tarakimu kwenye fomu ilikuwa sahihi. Bei aijue kabla kifaa hakijaagizwa.

"Basi hakuna haja ya kutuma dai." Ipo, mara nyingine. Dai hutumwa likiwa na herufi GY, zinazoonyesha kwamba kitu hicho kimeachwa nje kisheria. Jibu la kukataliwa likirudi, mgonjwa huweza kulipeleka kwa bima yake ya pili, na ziko zinazochangia. Idara ya wanajeshi wastaafu, kwa mfano, huwapa wastaafu wake vifaa hivi. Medicaid nayo, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Wengine huchagua msimbo kwa kutazama bei. Kinachotazamwa ni umbo. V2610 ni lenzi moja iliyopachikwa kwenye miwani. V2615 ni darubini au mfumo wa lenzi kadhaa, wa kuonea mbali au karibu. V2600 ni vya kushika mkononi na vinginevyo visivyokaa kwenye miwani. Kazi ya kumpimia mgonjwa kifaa na kukirekebisha kimkae sawasawa ina misimbo yake: 92354 kwa lenzi moja, 92355 kwa darubini.

"Medicare humlipia miwani aliyepasuliwa mtoto wa jicho, kwa hiyo darubini itapita humo." Haipiti. Baada ya upasuaji wa kuweka lenzi ndani ya jicho, Medicare huchangia miwani moja ya kawaida au lenzi za kuvaa machoni. Mlango huo haujafunguliwa kwa vifaa vya kukuza.

Kuhusu ugonjwa, kuandika H54 peke yake hakutoshi. Msimbo huo hutaja kiwango cha kupungua kwa uoni, na mwongozo unataka chanzo kitangulie. Kama kitovu cha retina kimechakaa kwa uzee, H35.31 au H35.32 huandikwa kwanza, kwa tarakimu zake zote, kisha H54 ifuate.

Na hili linasikitisha kwa kuwa wagonjwa hulikosa bure: wengi hudhani kwamba kifaa kikikataliwa, mafunzo nayo yamekataliwa. Tangu 2002 Medicare imeweka wazi kwamba tiba ya kazi (occupational therapy) kwa mwenye uoni hafifu hulipiwa daktari akiiagiza na ikionekana inahitajika. Humo mgonjwa hufundishwa kupika, kusoma lebo za dawa na kutembea nyumbani bila kuanguka. Ukiona faili ina darubini bila rufaa ya tiba, muulize daktari.

Mwisho, kwa walio na mzazi mwenye shida hii hapa kwetu: misimbo hiyo ya V ni ya Marekani. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina orodha yake ya huduma na viwango vyake, na bima za kibinafsi zina kikomo chao cha macho, ambacho mara nyingi kimewekwa kwa kufikiria miwani ya kawaida. Taja kifaa kwa maelezo, "miwani yenye darubini ya uoni hafifu", na uombe idhini kwa maandishi kabla ya kulipa arubuni.