Kubomoa bwawa vitani: maana yake na madhara yake

Basi la Iringa kwenda Dodoma hupita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera. Upande mmoja kuna ziwa lililojazwa na Ruaha Mkuu kutoka Usangu na Ruaha Mdogo unaopita Iringa mjini. Upande wa pili mto unaendelea kuteremka kuelekea bwawa la Kidatu. Kubomoa bwawa vitani ni jeshi kuuvunja kwa makusudi ukuta wa namna hiyo, ili maji yamzuie adui, yamkatie njia, au yamzimie umeme na viwanda. Wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza mafuriko. Mafuriko ni nusu tu ya habari, tena nusu inayopita mapema.

Mfano wa karibuni ni bwawa la Kakhovka, mto Dnipro, kusini mwa Ukraine. Lilivunjika tarehe 6 Juni 2023 likiwa mikononi mwa jeshi la Urusi. Ukraine iliishutumu Urusi kwa kulilipua, Urusi ilikana. Ziwa lake lilikuwa na takriban kilomita za ujazo 18 za maji. Mtera ikijaa kabisa ina kama 3 hivi.

Maji yaliingia mji wa Kherson na vijiji vya pande zote mbili za mto, watu wakakimbilia juu ya mapaa. Yalizoa mafuta ya mitambo, maji ya vyoo, mizoga, na mabomu yaliyotegwa ardhini, yakayamwaga mashambani ambako hakuna ajuaye tena yalipo. Baada ya wiki chache mto ulirudi kwenye mkondo wake. Mkulima wa huko ana shamba asiloweza kulikanyaga.

Nusu ya pili iko nyuma ya ukuta, upande wa ziwa, na ndiyo ningependa msomaji aitazame zaidi, kwa sababu haipigwi picha sana. Ziwa lilikauka. Miji iliyokuwa ikivuta maji ya kunywa humo ilibaki na mabomba makavu. Mifereji ya umwagiliaji ya kusini mwa Ukraine, mashamba ya nafaka na mboga, ilikosa chanzo. Zaporizhzhia, kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa nyuklia barani Ulaya, kilikuwa kikitegemea ziwa hilohilo kupoza vinu vyake. Ikabidi visima vichimbwe. Tope lililokaa chini tangu miaka ya 1950, pamoja na sumu za viwandani zilizotuama humo, likabaki wazi juani.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaweza kulipima jambo hili kwa Mtera yenyewe. Bwawa hili huzalisha megawati 80, lakini kazi yake kubwa ni kutunza maji kwa ajili ya Kidatu iliyo chini yake, yenye megawati 204. Mvua ziliposhindwa na kina kikashuka, kama mwaka 2006, nchi iliingia kwenye mgao wa umeme: mashine za kusaga zikasimama, mafundi wa kuchomelea wakakaa bure. Hapo ukuta ulikuwa mzima. Ukiondoka ukuta, hakuna masika ya kulijaza tena mpaka ujengwe mwingine, na wavuvi wa perege hawana pa kutupa nyavu. Wenye majaruba ya mpunga Mbarali wangepona kwa upande wa maji, maana wao wanachota mto kabla haujafika Mtera. Kwa hiyo anayetaka kujua ukubwa wa madhara lazima aulize nani anachota wapi.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1938 serikali ya China ilibomoa kingo za Mto Manjano kuwazuia Wajapani. Wajapani walicheleweshwa, raia waliokufa kwa maji, njaa na maradhi ni mamia ya maelfu, na mto haukurudishwa kwenye njia yake hadi 1947. Mwaka 1943 ndege za Uingereza zilivunja mabwawa ya Möhne na Eder nchini Ujerumani. Walikufa watu zaidi ya 1,000, wengi wao wafanyakazi wa kulazimishwa kutoka nchi nyingine, waliofungiwa kambini chini ya bwawa. Ukuta wa Möhne ulijengwa upya mwaka huohuo.

Itifaki ya Kwanza ya 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, inakataza, katika kifungu cha 56, kushambulia mabwawa, kingo za maji na vituo vya nyuklia iwapo nguvu zitakazofunguka zitaua raia kwa wingi, hata kama bwawa ni lengo la kijeshi. Kuna mwanya: bwawa likitumika nje ya kazi yake ya kawaida kusaidia vita moja kwa moja, mfululizo na kwa kiasi kikubwa, na hakuna njia nyingine ya kukomesha msaada huo, kinga huondoka. Naona mwanya huo ni mpana mno kwa kitu kinachoua walio chini na kuwakausha walio juu. Mabwawa haya yanaweza kuwekewa alama ya duara tatu za rangi ya chungwa zilizopangwa mstari mmoja. Alama isipokuwepo, katazo linabaki palepale.