Kwa nini kidonda cha anayeuguza huchelewa kupona?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, wakiongozwa na mwanasaikolojia Janice Kiecolt-Glaser, waliwatoboa watu mikono makusudi. Wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu mwenye ugonjwa wa kusahau, na 13 wengine wa umri kama wao wasiouguza mtu, walitolewa kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 3.5, kisha vidonda vikafuatiliwa hadi vikapona. Kwa wasiouguza ilichukua wastani wa siku 39.3. Kwa wanaouguza, siku 48.7.

Mtu anapoishi na wasiwasi, mwili wake humwaga homoni ya kotisoli. Kwa dakika chache homoni hiyo ni msaada, inakupa nguvu za kukimbia hatari. Ikikaa juu miezi na miezi huzidhoofisha chembe za kinga, zile zile zinazotakiwa kuanza kazi ngozi inapochanika.

Na wasiwasi wa nyumba yenye ugonjwa wa kusahau hauna likizo. Malaria ina siku zake. Huu unaendelea kwa miaka. Baba anaamka saa nane usiku kutafuta ufunguo wa duka lililofungwa zamani. Unamrudisha kitandani, saa tisa yuko mlangoni tena. Kukikucha anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Unamfokea. Baada ya dakika mbili yeye ameshasahau, wewe hujasahau, na hatia hiyo unalala nayo.

Mtafiti Pauline Boss ameandika sana juu ya hali hii ya mtu kuwepo kwa mwili huku akili imeshaondoka. Ni msiba usio na matanga: unamlilia mzazi ambaye bado unamlisha uji, na hakuna anayekuja kukaa nawe. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, huingia hapo, kimya kimya.

Kiswahili kina salamu yake kwa watu hawa, "Pole kwa kuuguza", nami naipenda. Ila swali linalofuata huwa ni moja tu: "Mgonjwa anaendeleaje?" Mwaka 1980 mtafiti Steven Zarit na wenzake walitunga dodoso linalomgeukia anayeuguza. Je, unapata muda wako mwenyewe? Je, huwa unashikwa na hasira ukiwa karibu naye?