Punda Hakatai kwa Kiburi: Dhana Potofu za Wenye Mikokoteni

Kuanzia Kaptembwa hadi Njoro, hapa Nakuru nchini Kenya, malalamiko ni yale yale: "Daktari, huyu punda ako na kichwa ngumu. Hasikii mpaka achapwe. Huna dawa?" Dawa sina, maana huo si ugonjwa. Kuna mnyama mwenye hofu au mwenye maumivu, na kuna mtu mwenye fimbo asiyejua kusoma kilicho mbele yake. Nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu dhana hiyo moja inaleta vidonda vingi kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Hizo nyingine nitazipitia haraka.

"Punda ni mkaidi, bila kiboko haendi"

Farasi akishtuka hukimbia kwanza, halafu akiwa mbali ndipo hugeuka kutazama kilichomshtua. Punda akishtuka husimama. Ni ukoo mmoja, lakini walilelewa na nchi tofauti. Farasi ni mnyama wa uwanda wa nyasi, anaishi katika kundi, na kinga yake ni mbio. Punda ametokana na punda mwitu wa Pembe ya Afrika, nchi ya mawe na malisho haba, ambako wanyama hutawanyika na dume hulinda eneo lake. Anayekimbia hovyo kwenye mawe peke yake huvunjika mguu. Kwa hiyo punda husimama, hutazama, hunusa, kisha huamua: kupita, kukimbia au kupigana.

Mlete sasa mnyama huyu kwenye barabara ya mtaani, mahali mtaro umefunikwa kwa bamba la chuma. Macho yake yako kando ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, ila kukadiria kina cha kitu kilicho mbele ya miguu ni kazi ngumu kwake mpaka ashushe kichwa. Bamba jeusi linaweza kuwa shimo. Dimbwi la maji ya mvua vivyo hivyo. Anasimama hatua tatu kabla ya kulifikia. Masikio yote mawili yanalielekea bamba, shingo inapanda, mianzi ya pua inapanuka, midomo inakaza, miguu ya mbele inakita na uzito wa mwili unarudi nyuma. Mwenye mkokoteni anaona kiburi. Mimi naona mnyama anayeuliza kile ni nini.

Hapo ndipo kiboko hushuka. Punda anaunganisha vitu viwili, bamba na maumivu, na kesho anasimama mbali zaidi, labda mita kumi kabla. Mwenye mkokoteni anasema ukaidi umezidi, anatafuta fimbo nene zaidi. Baada ya miezi kadhaa ya mchezo huu, unapata punda wa aina mbili. Wa kwanza humpiga teke kila anayepita nyuma yake. Wa pili hutembea kichwa kikiwa chini, masikio yamelegea, jicho limezama, na hata honi ya lori hamshtuki. Huyu wa pili watu humsifu kwamba ametulia. Ukweli ni kwamba amekata tamaa ya kujibu, na punda wa namna hiyo hatakuonya siku ambayo bamba limeoza kweli.

Akisimama, fanya hivi. Nyamaza na ulegeze kamba. Ukimvuta mbele atavuta nyuma, na punda wa kilo 150 huwezi kumshinda kwa nguvu. Tazama masikio yanaelekea wapi, pua nayo huelekea huko huko. Fuata mstari huo kwa macho yako na utakuta kitu: gunia linalopeperuka kwenye ua, mbwa amelala chini ya kibanda, tuta la barabarani lililopakwa rangi jana. Mwache ashushe kichwa anuse. Akipuliza pua, akalamba midomo na kutafuna mdomo mtupu, ule mkazo unamtoka. Kuna wanaosema kulamba midomo ni ishara kwamba amekutii. Hapana, ni mwili unaorudi kwenye utulivu baada ya wasiwasi.

Sasa mwombe hatua moja tu. Usisimame mbele yake ukimkodolea macho. Simama kando ya bega na uivute kamba kidogo kuelekea upande, maana mguu mmoja ukihama, ile mikao ya kukita imevunjika. Ukitoka mguu, hata nusu hatua, legeza kamba papo hapo. Somo lote liko katika kule kulegeza. Ukichelewa sekunde tatu, hajui tena amelegezewa kwa sababu gani. Rudia, hatua kwa hatua, mpaka avuke. Ukiwa na punda wawili, mpitishe yule mzoefu kwanza. Mwoga akiona mwenzake amevuka salama, mara nyingi hufuata mwenyewe.

Huambiwa kwamba dakika za kufanya hayo yote hazipo, wateja wanasubiri maji. Lakini dakika za kuchapa kila asubuhi pale pale kwenye bamba lile lile huwa zinapatikana, na sijui huwa zinahesabiwa wapi.

Amenusa, ametulia, na bado haendi? Basi acha kufikiria hofu, tafuta maumivu. Shusha mzigo kwanza. Inua kwato moja baada ya nyingine, uchokoe matope na mawe, na unuse: harufu ya uozo ni kwato iliyoanza kuoza kwa unyevu, jambo la kawaida zizi likiwa limejaa kinyesi msimu wa mvua. Kwato zinahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, wala si mpaka zijikunje. Kisha pitisha kiganja chini ya matandiko yote: kifuani, chini ya tumbo, juu ya mabega, chini ya mkia. Akinywea au akigeuza kichwa ghafla, umepata jibu lako.

Mkanda wa kifua uwe na upana wa kiganja, ukae juu ya ncha ya bega lakini chini ya koo, maana ukipanda humziba pumzi. Ndani uwe na kitambaa cha pamba au blanketi kuukuu. Kamba ya nailoni hukata, na mpira wa tairi hushika jasho mpaka ngozi inaoza. Na tafadhali, nira ya ng'ombe iache kwa ng'ombe. Ng'ombe husukuma kwa mabega na nundu, punda husukuma kwa kifua. Ukimvika nira unamning'iniza mzigo mahali ambapo hana kitu cha kuushika.

Mizani ya mkokoteni nayo. Mzigo ukielemea nyuma ya ekseli, miti miwili ya mbele huinuka na mkanda wa tumbo humkaba. Ukielemea mbele, uzito humkalia mgongoni. Mkokoteni uliopakiwa vizuri unaweza kuinuliwa miti yake kwa mkono mmoja. Halafu piga hesabu: mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 kabla hujahesabu mkokoteni wenyewe. Kwenye lami tambarare anaweza kujikaza. Kwenye matope ya mwezi wa nne, akipanda mlima, atasimama, na kwa hilo yeye ndiye mwenye akili kati yenu wawili. Kubebesha kupita kiasi na kupiga ni makosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ingawa ukitazama barabara zetu huwezi kudhani sheria hiyo ipo.

"Shukrani ya punda ni mateke"

Methali nzuri, elimu mbaya. Teke huwa na utangulizi: masikio yanalala nyuma na kubana shingoni, mkia unabanwa au unapigwapigwa, uzito unahamia mguu mmoja, kisha kwato inainuka kidogo tu kutoka ardhini. Aliyeadhibiwa kila alipoonya hujifunza kuruka maonyo, na hapo ndipo watu husema alipiga bila sababu. Ukipita nyuma yake, ama pita ukiwa umemgusa kiunoni na kuzungumza naye, ama pita mbali, mita tatu au zaidi. Katikati ya hapo ndipo teke hufika likiwa na nguvu zake zote. Pia kumbuka kwamba anaweza kupiga kwa upande, kwa hiyo kuchuchumaa kando ya paja si usalama.

"Masikio yakienda nyuma amekasirika"

Nusu ya ukweli. Sikio moja nyuma ni la kukusikiliza wewe unayeendesha, na hilo ndilo unalolitaka. Yote mawili yakiwa pembeni, yamelegea, anasinzia. Yakibana kabisa shingoni huku pua imekunjamana, ondoka. Usisome masikio peke yake bila pua, jicho na mkia. Na mkia wa punda si wa mbwa: ukichezeshwa kwa nguvu wakati hakuna nzi, amekereka.

"Punda hachoki, hagonjwi"

"Punda afe, mzigo wa bwana ufike" nayo imetuharibu. Punda huugua kama wanyama wengine, ila huficha. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaragara, hujitazama ubavuni, hutoka jasho, na kila mtu anajua kuna shida. Punda mwenye shida hiyo hiyo anaweza kusimama tu kando, amenyamaza, amekataa kula. Nikiambiwa kwa simu kwamba punda "amepoa tu kidogo tangu jana", mimi huichukua kama dharura.

Jifunze hali yake ya kawaida akiwa mzima, amepumzika kivulini: joto karibu digrii 37, mapigo ya moyo karibu 44 kwa dakika, pumzi karibu 20. Mapigo yahesabu chini ya taya, kwenye mshipa unaopita ukingoni mwa mfupa. Pumzi zihesabu kwa kutazama ubavu.

Kutokula ndiko hatari kubwa. Punda asiyekula, hata kwa siku moja au mbili, mwili wake huanza kumwaga mafuta kwenye damu, ini linashindwa, na kifo hufuata hata kama tatizo la kwanza lilikuwa dogo. Na huweza kuacha kula kwa sababu ya kutenganishwa na mwenzake. Punda hushikamana wawili wawili, na hilo si hadithi ya watoto. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Biashara ya ngozi na wizi ulioandamana nayo umewaacha wengi na punda mmoja aliyekuwa wa jozi. Huyo aliyebaki usimpeleke kazini kesho yake ukashangaa kwamba "amekuwa mkaidi". Angalia kama anakula. Mwenzake akifa, mwache aunuse mzoga mpaka auache mwenyewe. Na ukiuza, uza jozi.

"Lazima ajue nani bwana"

Hii naisikia zaidi kwa wenye farasi wa kupandisha watoto siku za sikukuu. Anayekuogopa atakutii mpaka siku atakapokutana na kitu anachokiogopa zaidi yako, na siku hiyo kuna mtoto mgongoni.

Imani hujengwa jioni, baada ya kazi, matandiko yakiwa yamevuliwa na mnyama ameshakunywa maji. Ingia zizini mikono mitupu. Mwendee kwa mshazari, ukilenga bega, kwa sababu mbele kabisa ya paji lake na nyuma kabisa ya mkia hakuoni. Akiinua kichwa au akiacha kutafuna, simama hapo hapo. Akikishusha tena, rudi nyuma hatua mbili. Sogea tena, rudi tena, mpaka ufike begani. Mpe mgongo wa mkono anuse, kisha mkune pale shingo inapoishia na mgongo kuanza, mahali wanapokunana wao kwa wao kwa meno. Ukipapata, mdomo wa juu hurefuka na kutetemeka. Ondoka wewe kabla yeye hajaondoka. Dakika kumi zatosha. Baada ya siku kadhaa, akianza kukufuata, njoo na kamba, umpanguse nayo shingo na mgongo kabla ya kumvika kichwani. Usimkamate kwa kitanzi cha shingoni. Hicho kitafuta kazi yote ya wiki.

"Mpe mandazi, atakupenda"

Atapenda mandazi. Anayelishwa mkononi hujifunza kupekua mifuko, kisha kung'ata, na mkate na unga kwa wingi humletea maumivu ya tumbo na ya kwato. Ukitaka kumzawadia, mkune.

"Akiinua mdomo wa juu anacheka"

Anavuta harufu kwenye kiungo kilicho ndani ya pua, mara nyingi mkojo wa jike. Mpige picha ukitaka, ila mwache amalize kabla ya kuvuta kamba.