Maana ya "wastani" katika spidiwei, na jinsi unavyoongoza kazi ya mwendeshaji Mwingereza

Katika spidiwei, yaani mbio za pikipiki zisizo na breki kwenye uwanja wa mviringo uliomwagiwa mawe yaliyosagwa, neno "wastani" limebeba uzito kuliko lile tulilofundishwa katika somo la hesabu. Ni tarakimu moja, kwa kawaida yenye desimali mbili, inayoonyesha mwendeshaji huvuna alama ngapi katika mechi moja. Nchini Uingereza, ambako mchezo huu umekuwa na ligi tangu mwaka 1929, tarakimu hiyo huchangia kuamua ni klabu gani itamsajili mwendeshaji, atavaa namba gani mgongoni, na wakati mwingine kama atapata nafasi yoyote msimu unaofuata. Taji la dunia hupatwa na wachache mno, lakini wastani humfuata kila mwendeshaji tangu miezi yake ya mwanzo katika ligi hadi siku anapotundika kofia yake.

Ili hesabu yenyewe ieleweke, ni lazima mbio zieleweke kwanza. Waendeshaji wanne hupanga mstari nyuma ya utepe, wawili wa klabu mwenyeji na wawili wa klabu ngeni, kila mmoja akiwa na rangi yake ya kofia ili watazamaji na mwamuzi wasiwachanganye. Utepe ukiruka juu, huondoka kwa pamoja na kuzunguka uwanja mara 4, wakienda kinyume cha mwendo wa saa, na baada ya muda wa takriban dakika moja mambo yamekwisha. Pikipiki zao zina injini ya silinda moja yenye ujazo wa cc 500, hutumia methanoli badala ya petroli, na zina gia moja tu. Kukosekana kwa breki si uzembe wa watunga kanuni, kwa sababu mtu akifunga breki ghafla kwenye kona huku wenzake watatu wakimfuata kwa umbali wa hatua chache, ajali haiepukiki. Mwendeshaji hupunguza kasi kwa kuserereka: huilaza pikipiki upande wa kushoto, gurudumu la nyuma huzunguka kwa nguvu na kusukumwa nje, gurudumu la mbele huelekezwa kulia ilhali pikipiki inakata kona ya kushoto, na mguu wake wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma chini ya soli, huburuzwa ardhini. Udhibiti wote umo katika mkono unaoshika mafuta na katika namna anavyogawa uzito wa mwili wake.

Wa kwanza kufika hupata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa nne hapati kitu. Lakini wastani hauhesabu alama hizo peke yake. Mwendeshaji akimaliza moja kwa moja nyuma ya mwenzake wa klabu moja, bila mpinzani kati yao, na akawa amempita angalau mpinzani mmoja, huandikiwa alama moja ya nyongeza. Alama hiyo haiingii katika matokeo ya timu, ila huingia katika rekodi yake na, kwa desturi, katika malipo yake. Mantiki yake ni ya haki kabisa: aliyemaliza wa pili nyuma ya mwenzake hakushindwa na mpinzani yeyote, na kumwadhibu kwa kutompita mwenzake kungewafanya watu wa timu moja wapigane wao kwa wao. Kwa maoni yangu hii ndiyo kanuni bora kuliko zote katika spidiwei, kwa kuwa imezaa ustadi unaopendeza sana kuutazama, pale waendeshaji wawili wa klabu moja wanapokwenda bega kwa bega, aliye mbele akigeuza kichwa kumtafuta mwenzake, na wote wawili wakiuziba uwanja ili mpinzani aliye nyuma akose upenyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Jumla ya alama na nyongeza hugawanywa kwa idadi ya mbio alizokimbia, kisha jibu huzidishwa kwa 4, kwa sababu mbio 4 ndizo zilizochukuliwa kuwa kazi ya kawaida ya mwendeshaji katika mechi. Tuseme mtu amekimbia mbio 24, akapata alama 42 na nyongeza 6. Jumla ni 48. Ukigawa kwa 24 unapata 2, na ukizidisha kwa 4 wastani wake ni 8.00. Kilele kinachowezekana ni 12.00, ambacho humaanisha kwamba hakuna mpinzani aliyewahi kumpita. Mwenye wastani wa 9 au zaidi kwa kawaida ni nguzo ya klabu yake. Mwenye 6 au 7 ni mtu wa kutegemewa katikati ya kikosi. Na aliye chini ya 5 mara nyingi huwa mwanafunzi anayepanda au mkongwe anayeshuka.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba wastani mzuri waweza kumkosesha mtu kazi. Timu ya kawaida ya ligi ya Uingereza ina waendeshaji 7, na viongozi wa ligi huweka kikomo cha jumla ya wastani ambayo timu haipaswi kuizidi inapoundwa mwanzoni mwa msimu. Kikomo hicho hubadilishwa mara kwa mara, lakini nia yake ni ileile: klabu yenye fedha nyingi isiwakusanye mabingwa wote na kuwaacha wengine na makapi. Matokeo yake ni kwamba klabu iliyofanya vizuri, na ambayo waendeshaji wake wote wamepanda, haiwezi kuwarejesha wote. Kijana aliyetoka wastani wa 4 hadi 7 kwa jasho la msimu mzima huenda akaambiwa kwamba hesabu haimpokei tena, na nafasi yake ikapewa mtu wa 4 ambaye klabu inaamini atapanda kama yeye alivyopanda. Ndiyo sababu meneja stadi hatafuti tu mwendeshaji mwenye nguvu, bali humtafuta yule ambaye wastani wake wa sasa uko chini ya uwezo wake wa kweli, pengine kwa kuwa msimu uliopita aliumia.

Wastani hupanga pia mambo ya ndani ya timu. Wawili wenye wastani wa chini kabisa huvaa namba 6 na 7 na kuitwa wa akiba. Jina hilo linaweza kupotosha, kwa kuwa wao hawakai benchi. Hukutana na wapinzani dhaifu katika baadhi ya mbio, tena wanaweza kuingizwa badala ya wenzao wanaosuasua na kufikisha mbio 7 katika mechi moja. Hivyo mwendeshaji mzuri aliyeshuka kwa muda hadi kwenye akiba anaweza kuvuna alama nyingi kuliko nahodha wake. Mwendeshaji mkuu akiumia, klabu huruhusiwa kumwazima mgeni kutoka klabu nyingine, mradi wastani wa mgeni usizidi wa yule aliyekosekana. Desturi hii huwatatiza watazamaji wapya, wanaomwona mtu akiipigania leo klabu ambayo juma lililopita aliikabili.

Ni muhimu kujua kwamba mwendeshaji wa spidiwei kwa kawaida hana mshahara kama mwanasoka. Amejiajiri. Hununua pikipiki zake, hugharimia injini na fundi wa kuzirekebisha, humlipa msaidizi wake, hujaza mafuta gari lake la mizigo, na klabu humlipa kwa alama anazoleta. Injini ikiharibika jioni moja, gharama yake yaweza kumeza mapato ya mechi hiyo na nyinginezo. Kwa sababu hiyo Mwingereza anayetaka kuishi vizuri kwa kazi hii hutafuta pia mkataba nchini Poland na Sweden, na majuma yake ya kiangazi hugeuka kuwa safari zisizokwisha, usiku mmoja Manchester, mwingine Sweden, na Jumapili Poland, ambako ligi ina fedha nyingi kuliko popote.

Kwa miaka mingi ubingwa wa dunia ulikuwa kinyume cha mantiki ya wastani, kwa kuwa uliamuliwa usiku mmoja: watu 16, mbio 20, kila mmoja akikimbia mara 5, na kilele kikiwa alama 15. Fainali ya kwanza, iliyofanyika Wembley mwaka 1936, ilijaribu kuchanganya mambo hayo mawili kwa kuwaruhusu washindani kuja na nyongeza walizopata katika hatua za awali. Mwaustralia Bluey Wilkinson alishinda mbio zake zote 5 usiku ule na bado akakosa taji, kwani Mwaustralia mwenzake Lionel Van Praag na Mwingereza Eric Langton walikuwa na nyongeza kubwa zaidi; wawili hao walilingana, wakakimbia mbio ya ziada, na Van Praag akashinda. Waingereza walisubiri hadi 1949, Tommy Price alipolitwaa taji.

Peter Craven, mzaliwa wa Liverpool na mwendeshaji wa klabu ya Belle Vue ya Manchester, alishinda mwaka 1955 na tena 1962. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, na watu waliustaajabia usawa wa mwili wake juu ya pikipiki. Septemba 1963, akikimbia Edinburgh, alijaribu kumkwepa mwendeshaji aliyeanguka mbele yake, akagonga uzio, na siku chache baadaye akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 29. Mwingereza mwingine hakuupata ubingwa hadi 1976, ambapo Peter Collins, naye wa Belle Vue, alipata alama 14 kati ya 15 mjini Chorzów, Poland. Mwaka uliofuata Collins alikwenda Gothenburg kuulinda ubingwa huo akiwa na mguu uliovunjika siku chache kabla, akamaliza wa pili nyuma ya Ivan Mauger wa New Zealand. Mwili wa mwendeshaji huingia katika hesabu kwa njia hiyo: wastani hauandiki kwamba mtu alikimbia akiwa na mfupa uliovunjika, huandika alama tu.

Mwaka 1995 fainali ya usiku mmoja iliachwa, na ubingwa ukawa mfululizo wa mashindano ya Grand Prix katika nchi mbalimbali, alama zikijumlishwa msimu mzima. Hapo ndipo tabia ya wastani, yaani kutokosa kidogo hata siku mbaya, ilipoanza kuzaa bingwa wa dunia. Mark Loram alitwaa ubingwa mwaka 2000 bila kushinda hata moja ya mashindano ya msimu ule. Wapo waliosema kwamba bingwa asiyeshinda si bingwa. Mimi naona walisahau mchezo huu unapima nini. Loram alikuwa mashuhuri kwa kuondoka vibaya kwenye utepe kisha kuwapita watu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliyempita ilikuwa alama.

Tai Woffinden ni mfano wa kupanda na kushuka kunakosomeka vizuri katika tarakimu. Alizaliwa Scunthorpe mwaka 1990, akakulia Australia, na akaanza katika ngazi ya chini ya ligi ya Uingereza akiwa kijana mdogo. Mwaka 2010 aliingia Grand Prix mapema mno, katika mwaka uleule aliofiwa na baba yake, ambaye pia alikuwa mwendeshaji, na matokeo yake yalikuwa ya chini sana. Alirudi 2013 akawa bingwa licha ya kuvunjika mtulinga msimu huohuo, kisha akashinda tena 2015 na 2018, na kuwa Mwingereza wa kwanza kufikisha mataji 3.

Viwanja vya Coventry, Peterborough na Wolverhampton vimefungwa katika miaka ya karibuni, na waendeshaji wake wametawanyika. Klabu ikifa, mwendeshaji huondoka na wastani wake, na klabu nyingine humpokea kwa tarakimu hiyohiyo. Akihamia ngazi ya chini, tarakimu hupandishwa kwa kanuni maalumu, kwa kuwa alama 6 dhidi ya wenye nguvu si sawa na alama 6 dhidi ya wanafunzi; akipanda, hushushwa. Kijana asiyewahi kukimbia katika ligi hupewa wastani wa kukadiriwa, ambao huutumia hadi atakapokuwa amekimbia mechi za kutosha kupata wa kwake.