V8, IST na daladala: tunavyowahukumu madereva wa Dar kimakosa

Kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, IST, kigari kidogo cha Toyota, ikisuasua utasikia, "Huyo wa teksi ya mtandao, hajui gari." V8, yaani Land Cruiser kubwa, ikipita kasi, tunaambiana mwenyewe anajua anachofanya. Hukumu hizi hutuumiza zaidi sisi tunaovuka kwa miguu.

Dhana: gari kubwa lina dereva makini. Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Gari kubwa humlinda aliyemo ndani, basi. Kwa kilomita 50 kwa saa, ukomo wa maeneo ya makazi, gari husogea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akisoma meseji kwa sekunde mbili, ameshakata mita 28 bila kuiona barabara, awe kwenye Land Cruiser au Vitz. Tena boneti iliyoinuka humficha mtoto aliyesimama karibu na bampa, kwa hiyo mwenye gari hilo anadaiwa umakini zaidi.

Na breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu kujifunga? Zinamwezesha dereva kukata usukani huku amekanyaga breki kwa nguvu. Miaka ya 1980, teksi za Munich, Ujerumani, zilifuatiliwa: zenye ABS hazikupata ajali chache kuliko zisizo nazo, kwa sababu madereva wake walianza kukata kona kwa ukali na kumsogelea mno aliye mbele. Utafiti wa California uliotoka 2012 nao ulionyesha kuwa wenye magari ya bei mbaya walielekea zaidi kumpita mtu aliyekuwa akisubiri kuvuka kwenye zebra. Si wote, lakini inatosha kuivunja imani yetu kwa V8.

Dhana: dereva wa daladala hajui kuendesha. Anajua sana! Jaribu wewe kupenyeza Coaster iliyojaa watu kati ya bajaji na machinga pale Mbagala Rangi Tatu. Kinachomharibu ni hesabu. Tajiri anataka hela yake kila jioni, mafuta yatolewe, kinachobaki ndicho chake na konda. Abiria aliyepandia daladala ya nyuma ni hela iliyomponyoka, ndiyo maana anatanua, anachomekea na kufunga breki ghafla kituoni. Mpe gari jipya kabisa. Hesabu ikibaki ileile, atatanua vilevile. Wanaopaswa kubanwa ni wenye magari, sio dereva peke yake.

Dhana: gia za mkono humfanya mtu awe makini. Mkono wa kushoto unashughulika, ndiyo. Macho bado yanaweza kuwa kwenye simu.

Kwa hiyo ukivuka Mwenge, achana na aina ya gari. Tazama kama magurudumu yanapunguza mwendo na kama dereva amekuona. Hata la kwanza likisimama, chungulia kwanza: linalokuja ubavuni mwake huenda halijakuona.