Uhandisi wa medani ni nini, na kwa nini si JKT

Majina ya vijana waliopangiwa makambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) yakishatoka, swali moja hunifuata hadi maabara. Nafundisha fizikia katika sekondari ya kanisa hapa Mwanza, kidato cha tano na sita, na dirisha la maabara yetu linatazama ziwa. Mwaka jana aliyeuliza alikuwa kijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), mtumishi wa altare, mtaratibu sana.

"Shikamoo mwalimu. Nimepangiwa Rwamkoma. Sasa nikiripoti kule, si ndiyo nimeshaanza uhandisi wa jeshi?"

Nilimwambia amepata nusu. Nusu iliyobaki haikutosha muda wa chai, ndiyo maana naiandika hapa, kwake na kwa wazazi ambao nao huniuliza hivyo hivyo siku ya mahafali.

Neno mhandisi tumelipata kwa Waarabu, muhandis, nao walilijenga juu ya neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Mhandisi kwa asili ya jina lake ni mtu wa kupima. Medani nalo ni la Kiarabu: uwanja wa wazi, na katika matumizi yetu uwanja wa mapambano. Uhandisi wa medani basi ni kupima, kujenga na kubomoa pale jeshi linapopigana au linapoelekea kupigana, kwa vifaa vilivyopo, kwa haraka, mara nyingi gizani.

Ulaya mambo yalianza kinyume na kwetu. Huko aliyeitwa mhandisi zamani alikuwa mtu wa vita, mjenzi wa ngome na wa mitambo ya kuzibomoa. Mwingereza John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa na mifereji katika karne ya 18, alijiita mhandisi wa kiraia ili watu wamtofautishe na hao. Kwetu neno tupu ni la raia, na mwanajeshi ndiye anayeongezewa "wa medani". Napenda wanafunzi wangu walione hilo, maana hesabu za pande zote mbili ni zilezile.

Moyo wa kazi hii ni njia: kuwafungulia njia walio upande wako na kumfungia adui yake. Ukilishika hilo, mengine yote yanaeleweka.

Mfano mzuri tunao kwenye ziwa hili hili. Mto Kagera unamwaga maji yake Victoria, kaskazini ya Bukoba. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto. Mapema Novemba yakalibomoa daraja la Kyaka kwa baruti. Ukitazama kwa jicho la mhandisi, baruti ile ilitegwa kwa ajili ya malori. Mtu na bunduki yake huvuka Kagera kwa mtumbwi, lakini mzinga hauvuki, wala lori la risasi, wala gari la majeruhi. Kwa kulibomoa daraja moja, jeshi zima la upande wa kusini lilipunguzwa likawa jeshi la mitumbwi. Jibu la Tanzania nalo likawa la kihandisi: kuweka daraja la muda, vifaa vizito vivuke, ndipo vita viendelee kaskazini hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Wanaosimulia vita vya Kagera husimulia mizinga, kwa sababu mzinga una sauti. Daraja la muda halina sauti, lakini bila hilo mizinga ile ingebaki Kyaka.

Kwa hiyo ukisikia mtu ni askari mhandisi, mfikirie kwanza mtoni. Mfikirie pia akichimba mahandaki, akitega vizuizi, akitegua mabomu, akitengeneza barabara ya muda kwenye tope, akitafuta maji safi ya kambi. Kwenye mabomu ya ardhini ya kutegewa watu, Tanzania iliridhia mkataba wa kuyapiga marufuku mwaka 2000, ila kuyategua bado ni elimu inayohitajika sana duniani. Na hapa Watanzania tuna cha kujivunia kweli: panya buku wanaofundishwa Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa baruti iliyofukiwa. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi hiyo Kambodia na mwaka 2020 alipewa nishani na shirika la Uingereza.

Yapo madaraja yaliyobuniwa mahsusi kwa kazi hii. Linalojulikana zaidi ni la Donald Bailey, Mwingereza aliyelibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ni vipande vya chuma vya urefu wa mita 3 hivi, vinavyofanana vyote, na kila kimoja hubebwa na watu sita. Unavipachika kimoja kwa kingine kwa pini, kisha unalisukuma daraja zima juu ya roda (magurudumu madogo) kutoka ng'ambo yako hadi likaguse ng'ambo ya pili. Hakuna winchi kubwa, hakuna nguzo katikati ya mto. Uzuri wake uko kwenye ule ufanano: kipande chochote hukaa popote, hata anayepachika usiku hana haja ya kuuliza hiki ni cha wapi. Hadi leo, mvua kubwa ikibeba daraja barabarani, ndugu za daraja hilo ndio huletwa kwanza.

Sasa JKT. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kabla ya JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964. Shabaha yake ni malezi ya vijana: ukakamavu, nidhamu, kuipenda nchi na kushika jembe. Mafunzo ya lazima kwa wahitimu, yale tunayoyaita "mujibu wa sheria", yalisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Kuruta wa mujibu anapiga kwata, anafanya fatiki (kazi za mikono za kambini), analima, anafundishwa silaha na anajifunza kuitikia "ndiyo afande" kabla jua halijachomoza. Hafundishwi kukokotoa uzito ambao daraja litabeba.

Mkanganyiko unaletwa na SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la jeshi hilo, lililoanzishwa 1981. Lina kampuni ya ujenzi, lina walinzi, lina mashamba. Watu waliona ule ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo ya tanzanaiti Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018, wakaona wajenzi wamevaa sare, wakasema hao ndio wahandisi wa jeshi. Ni ujenzi wa maana na umefanywa na jeshi, lakini anayejenga ukuta kwa mkataba na ratiba, mchana, bila mtu wa kumzuia, anafanya kazi ya mkandarasi. Askari mhandisi ni sehemu ya jeshi la mapambano, na huenda mbele au pamoja na askari wa miguu.

Mstari huo hata hivyo haujachorwa kwa rula. Nchi nyingi zimeutumia uhandisi wa jeshi kujenga mambo ya raia. Marekani ilianzisha kikosi chake cha kudumu cha wahandisi wa jeshi mwaka 1802, pamoja na chuo cha West Point, na leo wengi wa wafanyakazi wake ni raia wanaosimamia mabwawa, njia za maji na kingo za mito. Mfereji wa Panama ulikamilishwa chini ya afisa wa kikosi hicho, George Goethals, ukafunguliwa 1914. Kingo za New Orleans zilizopasuka wakati wa kimbunga Katrina mwaka 2005 nazo zilikuwa kazi ya kikosi hicho hicho, na lawama kilizipokea. Kwetu huku, njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwani ilipimwa 1891 na 1892 na msafara wa Kapteni James Macdonald, afisa mhandisi wa jeshi la Uingereza. Reli ikafika Kisumu Desemba 1901.

Na mfano ulio karibu kuliko yote tunaupita kwa magari. Daraja la Kigongo–Busisi, sasa Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kampuni mbili za China zilizolijenga, CCECC na China Railway 15th Bureau Group, ziko chini ya shirika moja, CRCC, na shirika hilo lilitokana na kikosi cha reli cha jeshi la China kilichohamishiwa uraiani mwaka 1984. Askari wa reli walivua sare, wakabaki na ujuzi, na warithi wao wakaja kutuvusha Ghuba ya Mwanza. Nilipowaambia wanafunzi hayo darasani palikuwa kimya, kisha mmoja akasema, "Kumbe tunapita juu ya jeshi."

Kuna siku jeshi letu wenyewe lilifanya kazi ya namna hii majini, na naitaja kwa heshima. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Walionusurika ni 41. Waliofariki walizidi 220, na katika shule za ukanda huu ni vigumu kupata darasa lisilo na mtoto aliyepoteza mtu. Wapiga mbizi wa jeshi walishirikiana na vyombo vingine na wavuvi, na kazi ya kukigeuza kivuko ilisimamiwa pale pale kisiwani na Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Jenerali Venance Mabeyo. Chombo kilicholala tumbo juu hakinyanyuliwi kama ndoo. Unakitafutia mhimili, unapunguza uzito wa maji ndani yake, unakivuta kizunguke polepole, huku ukijua ndani yake kuna miili ya watu. Hesabu ya nguvu na mkono wa nguvu, ile ya kidato cha tano, hapo inakuwa kazi ya huruma.

Wapo wazazi wanaoniuliza kama inafaa shule ya kanisa kumwandaa kijana kwa kazi ya jeshi. Katekisimu, namba 2310, inasema wanaoitumikia nchi yao jeshini ni watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa. Na Kanisa limewapa watu wa baruti msimamizi, Mtakatifu Barbara, anayekumbukwa tarehe 4 Desemba. Wahandisi wa jeshi la Ufaransa humwadhimisha, na wachimba migodi pia. Padri wetu mlezi huwakumbusha vijana kwamba masimulizi ya maisha yake yana radi ndani yake, ndiyo maana aliombewa na watu waliofanya kazi karibu na mlipuko.

Nusu aliyoipata kijana wangu ni hii: matangazo ya kujiunga na JWTZ mara nyingi hutaka mwombaji awe amepitia JKT, wa mujibu au wa kujitolea. Kwa hiyo Rwamkoma ni mlango. Baada ya hapo kuna chuo kikuu au chuo cha ufundi, kuna mafunzo ya uafisa Monduli kwa wanaofaa, kisha mafunzo ya uhandisi wenyewe. Ni miaka, siyo miezi mitatu.

Kabla hawajaondoka niliwapeleka mwaloni, kwenye gati dogo la mbao la wavuvi, wakajenge chelezo. Pipa tupu la chuma la lita 200 lina kilo 20 hivi. Likizama lote linasukuma maji ya kilo 200, kwa hiyo linabeba takriban kilo 180 juu yake. Mapipa manne ni kilo 720. Mbao na kamba walizipima kwa mizani ya samaki, zikafika kilo 90. Zikabaki 630. Wastani wa uzito wao ulikuwa kilo 58, wakagawanya, wakatamka kwa furaha: watu kumi.

Wote walivaa majaketi okozi, wavuvi wakashika kamba pande mbili, maji yalikuwa ya kiunoni. Wakashuka mmoja mmoja kutoka gatini. Hadi wa sita chelezo kilitulia. Wa saba alisogea ukingoni kutazama mapipa yamezama kiasi gani, kikainama upande wake, wengine wakamfuata kwa kuteleza, na mvuvi mmoja akapaza sauti, "Kaeni katikati, wanangu!" Hakuna aliyeanguka, ila viatu vyote vililowa.

Tukakaa kwenye mitumbwi iliyogeuzwa kukauka, tukarudia hesabu. Ile ya kwanza ilijua uzito tu. Haikujua mtu amesimama wapi, wala kwamba mtu ana hofu na huhama. Ndipo nikawaeleza kwamba madaraja ya kijeshi ya nchi nyingi huwekewa kibao cha mviringo cha njano chenye tarakimu nyeusi, kinachomwambia dereva uzito wa mwisho anaoruhusiwa kupita nao, na tarakimu ile siku zote huwa chini ya ile ambayo chuma kingeweza kubeba.

Kijana wa Rwamkoma aliomba mabaki ya rangi ya njano kwa fundi mitumbwi. Akachora duara kwenye ubao wa mbele wa chelezo, akasubiri ikauke, kisha kwa kaa la moto lililozimika akaandika ndani yake: 6.