Goma: bidoni, chukudu na saa za bomba. Namna ya kupima nani anaonewa kwenye maji

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mkaaji wa kartie (mtaa) ya Himbi mwenye robine (koki ya maji) uani hulipa fakitire (bili) mwisho wa mwezi, maji yakihesabiwa kwa mita za ujazo. Mkaaji wa Majengo au Ndosho asiye na robine hulipa kila asubuhi, bidoni (dumu) kwa bidoni. Kwa kuwa vipimo ni viwili, ni rahisi kutoona kwamba wa pili ndiye anayelipa bei kali. Ndiyo maana vijana wa kartie wakitaka kudai maji, mimi huwaanzisha na hesabu moja: bei ya bidoni ya lita 20, zidisha mara 50. Hiyo ndiyo bei ya mita ya ujazo.

Tuchukue mfano. Bidoni ya franka 50 kwenye robine ya watu wote ni franka 2,500 kwa mita ya ujazo. Ikiletwa mlangoni kwa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) kwa franka 250, inakuwa 12,500. Maji ni yaleyale, bei ni mara tano. Familia ya watu saba, kwa lita 15 kwa mtu kwa siku (kiwango cha chini cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada, tena cha wakati wa dharura), inahitaji lita 105, yaani bidoni tano na kidogo. Kwa bidoni sita kwa siku italipa franka 45,000 kwa mwezi, badala ya 9,000. Kwa kweli haitalipa hizo. Itanunua bidoni tatu, kila mtu apate chini ya lita 9, na kinachokatwa kwanza ni kunawa mikono na kufua. Katika mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, hilo ni jambo la uhai na kifo.

Mkipita nyumba kwa nyumba pamoja na shefu wa nyumba kumi, andikeni bei iliyolipwa jana, si bei ya kawaida. Ulizeni pia bei ya siku robine inapokauka, na iwe na safu yake. Mkichanganya hizo mbili na kutoa wastani, siku mbaya zinafichika, na ndizo zinazomaliza pesa ya maskini. Tenganisheni wapangaji na wenye nyumba. Mara nyingi uwanja (kiwanja chenye nyumba kadhaa) una robine, ila mwenye nyumba anaifunga kwa kufuli na kuwauzia wapangaji kwa bidoni. Kwenye orodha uwanja huo unaonekana umeunganishwa, kumbe nusu ya waliomo ni wanunuzi tu.

Muda huhesabiwa tangu kutoka mlangoni hadi kurudi, foleni ikiwemo. Ukipita dakika 30, huduma hiyo haifikii hata kiwango cha msingi kimataifa. Pimeni na nguvu ya bomba kwa saa ya simu: robine nzuri hutoa lita 7.5 kwa dakika, bidoni inajaa kabla ya dakika tatu. Ikichukua dakika nane, presha ndiyo tatizo, na kuongeza robine kwenye bomba hilohilo kutarefusha foleni tu.

Mtaambiwa kwamba bei inapanda kwa sababu ya mlima. Msikubali haraka. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa ndege kama 1,550. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita 100 kunahitaji kilowati-saa 0.27 kwa hesabu tupu; kwa pampu ya kawaida, tuseme nusu kilowati-saa kwa bidoni 50. Hiyo haielezi mara tano. Sababu kubwa ziko kwingine: mji umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, mvua inazama humo na hakuna mto, kuchimba mtaro wa bomba ni kuvunja mwamba, umeme ukikatika matangi ya juu hayajai, na kartie za mwisho wa bomba zinabaki kavu. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu pia mitambo ya maji upande wa Buhene. Mahali bomba linapoishia, chukudu na mgongo wa msichana ndivyo vinaendelea, na gharama yao ndiyo inayolipwa.

Anayekosa pesa hushuka ziwani. Hapo klorini ni lazima, na dozi isikisiwe. Gramu 15 za HTH (klorini ya unga) ya asilimia 70 katika lita moja hutoa myeyusho wa asilimia 1. Tieni mililita 2, 4, 6 na 8 katika bidoni nne, ngojeni dakika 30, kisha chagueni dozi inayobakiza miligramu 0.5 hadi 1 za klorini kwa lita. Maji ya Kivu yana pH (kipimo cha uasidi) karibu na 9, na hapo klorini inaua polepole: waambieni watu wasinywe kabla ya saa nzima. Myeyusho uliokaa juani hupoteza nguvu, kwa hiyo tengenezeni mpya kila siku.

Kwenye barua ya kudai maji, tajeni kifungu cha 48 cha Katiba ya Kongo ya 2006, kinachohakikisha haki ya maji safi ya kunywa. Halafu dai liwe na namba. Avenyi (barabara ya mtaa) ya watu 900, kwa watu 250 kwa robine, inahitaji robine nne. Watu hao wanahitaji lita 13,500 kwa siku. Robine nne hutoa lita 30 kwa dakika, kwa hiyo maji lazima yatoke kwa muda wa saa saba na nusu kila siku. Yakitoka kwa muda wa saa tatu tu, kila mtu anapata lita 6, hata robine ziwe mpya zote nne. Andikeni saa hizo katika mstari wa kwanza wa dai.